Kupima Uzito wa Nyota Usizoziona: Mwongozo Kamili wa Nyota Pacha UV Ceti

Kwenye kundinyota la Nyangumi, kusini-magharibi kidogo ya nyota iitwayo Tau Ceti, kuna nyota mbili nyekundu zinazozungukana. Hazijawahi kuonekana na mtu kwa macho matupu, ingawa ni majirani zetu: ziko umbali wa miaka ya nuru 8.7 tu, na ukipanga mifumo ya nyota kwa ukaribu na Jua, hizi zimo ndani ya kumi ya kwanza. Ni hafifu kiasi hicho.

Nimezichagua kwa mwongozo huu kwa sababu hesabu zake zinakubali kufanywa na mtu yeyote. Kwa pembe mbili, muda mmoja na kikokotoo cha simu, unaweza kuzipima uzito; kwa namba chache zaidi unajua upana wake, hata kujua kwamba gesi yake imebanwa kuliko dhahabu. Huhitaji kumwamini mtu. Unakaa mezani na kalamu, unafika mwenyewe. Nilipofanya hesabu ya Hatua ya 4 kwa mara ya kwanza nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea, kwa jinsi ilivyokuwa fupi.

Kwanza majina, maana yanachanganya. Mfumo mzima unaitwa Luyten 726-8, na katika orodha ya nyota za karibu ni GJ 65. Nyota ya kwanza, inayong'aa zaidi kidogo, ni BL Ceti. Ya pili ni UV Ceti, na hiyo ndiyo iliyopata sifa hadi watu huziita zote mbili kwa jina lake. Mwanafalaki Willem Jacob Luyten ndiye aliyezitambua, mwaka 1948, akiwa anakusanya orodha ya nyota zinazokwenda mbio angani. Herufi L na namba 726-8 zinatoka kwenye kazi yake ya kulinganisha sahani za picha za kusini mwa anga, zilizopigwa Arequipa nchini Peru na baadaye Bloemfontein, Afrika Kusini.

Vitu vya kuandaa

Kwa hesabu: daftari, kalamu, na kikokotoo cha simu. Ukilaza simu upande, vikokotoo vingi huonyesha vitufe vya ziada. Utahitaji kile cha "log" na kile cha kipeo.

Kwa kutazama: darubini yenye kioo cha sentimita 20 inatosha, mahali penye giza la kweli. Ya sentimita 15 inaweza kufaa kwa mtu aliyezoea. Mjini, ambako taa zimeosha anga, usipoteze usiku wako kwa jicho. Tumia kamera iliyofungwa kwenye darubini. Programu za bure zinazofaa ni Stellarium kwa ramani na Siril kwa picha. Chapisha pia ramani ya UV Ceti kutoka kwa AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwangaza. Ramani hizo ni za bure, na zinaonyesha nyota za kulinganishia pamoja na mwangaza wa kila moja.

Hatua ya 1: Chukua anwani, kisha irekebishe

Anwani ya nyota angani inafanana na ya mji duniani. Namba moja inasema mashariki-magharibi, nayo hupimwa kwa saa na dakika. Nyingine inasema kaskazini-kusini, kwa digrii. Anwani ya mfumo huu kwa mwaka 2000 ni saa 1, dakika 39, sekunde 1. Na digrii 17 na dakika 57 kusini.

Lakini nyota hizi hazitulii. Kila mwaka husogea sekunde za tao 3.3 hivi, karibu zote kuelekea mashariki. (Digrii moja ina dakika 60 za tao, na dakika moja ina sekunde 60.) Kwa miaka kama 550 zinavuka upana wa Mwezi mpevu. Kwa nyota, hiyo ni kasi kubwa mno, na kwako wewe mwenye picha ni jambo la kuzingatia: toka mwaka 2000 zimeshasogea zaidi ya dakika moja ya tao. Ukitumia ramani ya zamani bila kurekebisha, utakuwa unaitazama nyota ya jirani na kuandika mwangaza wa asiyehusika. Zidisha 3.3 kwa miaka iliyopita tangu 2000, kisha sogeza alama yako upande wa mashariki.

Hatua ya 2: Itafute angani

Sisi tulio karibu na ikweta tumebahatika. Kutoka Dar es Salaam mfumo huu hupanda hadi digrii 79 juu ya upeo wa macho, kutoka Nairobi digrii 73. Aliye London anauona ukiwa digrii 20 tu, katikati ya ukungu na moshi. Katikati ya Oktoba hufika juu kabisa kwenye saa sita na nusu usiku, katikati ya Novemba saa nne na nusu, katikati ya Desemba saa mbili na nusu. Tatizo la miezi hiyo ni mvua za vuli. Mimi napenda Septemba: unaamka saa nane usiku, lakini anga ni kavu na nyota ziko juu ya kichwa.

Njia ya kawaida ni kuanzia Tau Ceti, nyota ya mag 3.5 inayoonekana kwa macho (mag ni kipimo cha mwangaza: namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi), halafu kushuka digrii 2 kusini na digrii 1 na robo magharibi. Njia hiyo inafanya kazi. Ila kuna nyingine ninayoipenda zaidi, nayo inafaa kuliko zote kwa darubini isiyo na mota.

Nyota inayong'aa kuliko zote kwenye Nyangumi ni Diphda, jina lililotoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya chura. Ni ya mag 2, rangi ya chungwa, peke yake kwenye eneo lenye nyota chache, kaskazini-mashariki mwa Fomalhaut. Diphda imekaa kwenye mstari uleule wa mashariki-magharibi na nyota zetu pacha. Tofauti yao ni dakika mbili za tao tu. Maana yake ni kwamba Dunia yenyewe itakufanyia kazi ya kuzungusha darubini. Fanya hivi:

1. Weka lenzi ya kutazamia yenye uwanja mpana, digrii 1 hivi, na uilete Diphda katikati kabisa.
2. Kaza kila kitu. Andika saa, dakika na sekunde.
3. Usiiguse darubini kwa dakika 55 na sekunde 20.
4. Rudi, weka jicho polepole bila kusukuma. Nyota pacha zitakuwa zinapita karibu na katikati, kidogo upande wa kaskazini wa njia aliyopita Diphda.

Usiku wa kwanza nilipojaribu hivi, nje ya Kondoa, niliifunga miguu ya stendi kwa mawe mawili na kukaa kwenye mkeka nikisubiri. Taa ya simu niliiziba kwa kitambaa chekundu, maana mwanga mweupe wa sekunde moja unaharibu macho yaliyozoea giza kwa nusu saa nzima. Dakika ya 53 nikaweka jicho. Palikuwa na nyota kadhaa hafifu, na ramani ya AAVSO niliyoigeuza juu chini ili ilingane na darubini. Nukta moja ilikuwa mahali ambapo ramani ilisema iwe. Haikuwa na uzuri wowote wa kuonekana. Ilikuwa punje ya vumbi yenye mwanga, inayopotea ukiitazama moja kwa moja na kurudi ukitazama pembeni yake. Nilikaa nayo hadi ikatoka kwenye uwanja wa lenzi.

Punje hiyo ni nyota zote mbili kwa pamoja. Moja ina mag 12.7, nyingine 13.2, na zikiunganika zinatoa kama mag 12.2. Usitarajie kuzitenganisha. Nitaeleza sababu kwenye Hatua ya 4.

Hatua ya 3: Pata umbali

Nyoosha mkono, inua kidole gumba, kifunge jicho moja kisha jingine. Kidole kinaruka huku na huku mbele ya ukuta. Kadiri kidole kilivyo karibu ndivyo kinavyoruka zaidi. Wanafalaki hufanya hivyohivyo kwa kutazama nyota Dunia ikiwa upande mmoja wa Jua, kisha miezi sita baadaye ikiwa upande wa pili. Nusu ya mruko huo ndiyo paralaksi.

Kwa nyota zetu paralaksi ni sekunde za tao 0.3737. Ni pembe ndogo: sarafu yenye upana wa sentimita 2.5 ukiitazama kutoka kilomita 14. Hata hivyo, ni miongoni mwa paralaksi kubwa kuliko zote angani.

Umbali kwa parseki ni 1 ukigawa kwa paralaksi:

1 ÷ 0.3737 = parseki 2.676

Parseki moja ni miaka ya nuru 3.26, kwa hiyo umbali ni miaka ya nuru 8.7.

Tahadhari moja, na ni muhimu. Ukifungua takwimu za Gaia, chombo cha angani kinachopima mahali pa nyota, kila nyota kati ya hizi mbili imepewa paralaksi yake, na mbili hizo hazilingani sawasawa. Si kwamba moja iko mbele ya nyingine kwa umbali mkubwa. Hesabu ya kawaida ya Gaia hudhani kila nyota inakwenda mstari mnyoofu, na hizi zinapinda kwa sababu zinavutana. Ukikutana na nyota pacha yoyote ya karibu, usichukue namba ya Gaia ukaitumia bila kuuliza kama obiti, yaani njia ya kuzungukana, imezingatiwa.

Ukishapata umbali, kasi ya pembeni inakuja bure. Zidisha 4.74 kwa mwendo wa mwaka kwa parseki: 4.74 × 3.34 × 2.676 = kilomita 42 kwa sekunde. Ongeza na mwendo wa kutukimbia, ambao unapimwa kwa spektra (mwanga wa nyota uliotawanywa kwa rangi zake) na ni kilomita 29 kwa sekunde. Hizi mbili zimesimama kama pande za pembe mraba, kwa hiyo mwendo kamili ni kama kilomita 51 kwa sekunde.

Hatua ya 4: Zipime uzito

Hapa ndipo nyota pacha zinaposhinda nyota za peke yake. Nyota ya peke yake haina mizani. Unaweza kukisia tungamo lake, yaani wingi wa maada yake, kwa rangi na mwangaza, lakini ni kukisia kwa kufananisha. Nyota mbili zinapozungukana, mvuto wa kila moja unaandikwa kwenye mwendo wa mwenzake, na mwendo huo tunauona.

Unahitaji namba mbili kutoka kwenye obiti. Ya kwanza ni muda wa mzunguko mmoja: miaka 26.28. Ya pili ni nusu ya urefu wa duaradufu yake, yaani nusu mhimili mkubwa, kwa pembe: sekunde za tao 2.058. Namba hizi hazikupatikana kwa mwaka mmoja. Watu walitazama mfumo huu toka miaka ya mwisho ya 1940, wakipima upande na umbali wa nyota moja kutoka kwa nyingine, hadi zikamaliza mizunguko zaidi ya miwili.

Kwanza geuza pembe iwe umbali halisi. Ukigawa pembe kwa paralaksi unapata jibu kwa kizio astronomia, yaani umbali wa Dunia na Jua:

2.058 ÷ 0.3737 = 5.507

Nyota hizi, kwa wastani, ziko mbali kidogo kuliko Jua na sayari ya Mshtarii. Sasa sheria ya Kepler, kama Newton alivyoikamilisha. Zidisha umbali kwa wenyewe mara tatu, gawa kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe mara mbili:

5.507 × 5.507 × 5.507 = 167.0
26.28 × 26.28 = 690.6
167.0 ÷ 690.6 = 0.242

Ndiyo hiyo. Nyota zote mbili kwa pamoja zina asilimia 24 ya tungamo la Jua. Hakuna kilo, hakuna namba ya mvuto ya kukariri. Kwa kuwa umbali tumeupima kwa umbali wa Dunia na muda kwa mwaka wa Dunia, jibu linatoka likiwa limepimwa kwa Jua.

Sasa angalia kosa linavyokua. Umbali umezidishwa mara tatu, na ndani yake imo paralaksi. Kwa hiyo ukikosea paralaksi kwa asilimia 1, tungamo linakosewa kwa asilimia 3. Jaribu mwenyewe: badala ya 0.3737 weka 0.370, urudie hesabu. Utapata 0.249. Ndiyo maana nilisisitiza ile tahadhari ya Gaia.

Obiti yenyewe si duara. Kipimo cha kurefuka kwake, ambacho huandikwa e, ni 0.62, duara kamili lingekuwa 0. Zidisha 5.507 kwa 0.38 na utapata umbali mdogo kabisa, vizio 2.1, zidisha kwa 1.62 na utapata mkubwa kabisa, vizio 8.9. Zinakaribiana hadi kati ya Mirihi na Mshtarii, kisha zinaachana hadi karibu na Zohali. Mara ya mwisho zilikaribiana kabisa mwaka 2024. Kwa pembe, umbali halisi wakati huo ni chini ya sekunde moja ya tao, na hewa yetu kwenye usiku wa kawaida inatikisa nyota kwa zaidi ya hapo. Hii ndiyo sababu darubini yako inaona punje moja. Zitaendelea kuachana hadi mwaka 2037 au 2038, ingawa hata hapo hazitazidi sekunde 3.3.

Hatua ya 5: Gawa uzito kwa kila nyota

Tumepata jumla. Nani ana kiasi gani?

Mfikirie mchukuzi wa maji mwenye mzegamzega: mti begani, ndoo huku na ndoo huku. Ndoo zikilingana, bega linakaa katikati. Moja ikizidi, anausogeza mti hadi bega liwe karibu na ndoo nzito. Nyota pacha zina bega kama hilo, ile nukta ambayo zote mbili huizunguka. Haionekani, lakini inakwenda angani kwa mstari mnyoofu huku nyota zikiyumba kushoto na kulia kwake. Ukipiga picha kwa miaka mingi na kulinganisha na nyota za mbali nyuma yake, unaona nyota ipi inayumba zaidi. Inayoyumba zaidi ndiyo nyepesi.

Hapa mti umekaa karibu katikati. BL Ceti ina 0.1225 ya tungamo la Jua, UV Ceti 0.1195. Ni kama mapacha kweli. Mpaka wa chini wa nyota kuweza kuwasha hidrojeni yake kwa kudumu ni kama 0.075, kwa hiyo hizi zimeuvuka mstari, lakini si kwa mbali. Mshtarii 128 kwa pamoja ndio wangetosha kuitengeneza BL Ceti.

Hatua ya 6: Mwangaza, na mtego wake

Mwangaza tunaouona unategemea umbali. Tunataka mwangaza halisi, yaani ambao nyota ingeonyesha kama ingewekwa parseki 10. Chukua mag, ongeza 5, kisha ongeza 5 mara log ya paralaksi. Kwa BL Ceti:

log ya 0.3737 = −0.4275
5 × −0.4275 = −2.14
12.7 + 5 − 2.14 = 15.56

Jua kwa kipimo hicho lina 4.83. Tofauti ni 10.73. Kila tofauti ya mag 5 ni mara 100 kamili, kwa hiyo tafuta 10 kwa kipeo cha (0.4 × 10.73): jibu ni karibu 19,600. Jua linang'aa mara 19,600 zaidi ya BL Ceti. Kama Jua lingeondolewa na BL Ceti ikawekwa mahali pake, adhuhuri yetu ingekuwa na mwanga wa Mwezi mpevu mara 20 tu.

Wengi huishia hapo na kuandika kwamba nyota hii inatoa nishati ndogo kuliko Jua mara 19,600. Si kweli. Huo ni mwanga ambao jicho linauona. Nenda kwenye jiko la mkaa usiku, mkaa ukiwa umeshika vizuri. Ukizima taa, mwanga wake haukutoshi kusomea hata herufi kubwa. Lakini weka mkono juu yake. Karibu kila kinachotoka kwenye mkaa ni joto lisiloonekana. Vibete vyekundu, yaani nyota ndogo nyekundu kama hizi, viko hivyohivyo. Kwenye joto la kelvini 2,800 hivi, mwanga mwingi hutoka kwenye infraredi, nje ya uwezo wa jicho. Tukihesabu nishati yote, BL Ceti inatoa kama 1 kwa 660 ya Jua. Tofauti kati ya 19,600 na 660 ni kubwa mno kuachwa ipite, na nimeiona ikipita kwenye maandishi mengi mazuri.

Hatua ya 7: Upana, joto na msongamano

Kwa nyota nyingi hafifu upana hukisiwa. Hizi zimepimwa. Mwaka 2016 wanafalaki walichapisha vipimo walivyopata kwa kuunganisha mwanga wa darubini kadhaa huko Paranal, Chile, njia inayoitwa intaferomita. Kipenyo cha BL Ceti kilikuwa sekunde za tao 0.000573. Ile sarafu yetu sasa ingekuwa umbali wa kilomita 9,000.

Kupata nusukipenyo kwa kulinganisha na Jua, zidisha kipenyo hicho kwa parseki na kwa 107.5:

0.000573 × 2.676 × 107.5 = 0.165

UV Ceti ni 0.159. Zote ni kubwa kuliko Mshtarii kwa mara moja na nusu hivi, huku zikiwa nzito kuliko huo kwa zaidi ya mara 120. Hakikisha nishati sasa: nusukipenyo mara mbili, yaani 0.165 × 0.165 = 0.0272. Gawa joto lake kwa la Jua, 2,800 ÷ 5,772 = 0.485, lizidishe kwa lenyewe mara nne: 0.0554. Zidisha mbili hizo: 0.0015, ambayo ndiyo ile 1 kwa 660. Njia mbili zimekutana, na mimi hufurahi kila zinapokutana.

Msongamano: gawa tungamo kwa nusukipenyo kilichozidishwa mara tatu. 0.1225 ÷ 0.00449 = 27.3, yaani mara 27 ya Jua. Wastani wa Jua ni gramu 1.41 kwa sentimita moja ya ujazo, hivyo hapa tunapata gramu 38. Dhahabu ni 19.3. Kijiko cha chai cha gesi hii kina gramu 190 hivi, na bado ni gesi.

Waliopima upana huo walikuta jambo: nyota zote mbili ni pana kuliko nadharia inavyotaka, kwa zaidi ya asilimia 10. Anayetiliwa shaka ni uga wa sumaku, ambao unazuia joto kupanda juu kwa urahisi na kuifanya nyota ivimbe.

Hatua ya 8: Kamata mmweko

Nyota hizi zinajizungusha haraka sana: BL Ceti kwa saa 5 na dakika 50, UV Ceti kwa saa 5 na dakika 27. Jua linahitaji karibu mwezi. Ndani ya nyota hizi gesi inachemka na kuchanganyika kutoka kiini hadi juu, kama uji kwenye sufuria. Kuzunguka kwa kasi pamoja na kuchemka huko kunazalisha sumaku kali, nyuzi za sumaku zinajipinda, zinakatika, na nishati inatoka kwa ghafla: huo ndio mmweko. Mwaka 1948 wanafalaki Alfred Joy na Milton Humason walilikuta tukio kama hilo kwenye spektra yao. Mwaka 1952 mwangaza wa UV Ceti uliongezeka mara 75 ndani ya sekunde 20. Jina lake likawa jina la kundi zima la nyota zinazomweka. Baadaye Bernard Lovell na wenzake wa Jodrell Bank, Uingereza, wakaisikia kwa redio.

Kuna fumbo hapa ambalo linastahili kujulikana zaidi. Pacha hawa wana tungamo karibu sawa na mzunguko karibu sawa, na bila shaka walizaliwa pamoja. Lakini uga mkuu wa sumaku wa UV Ceti una nguvu kama mara nne ya BL Ceti. Mwaka 2024 yakaongezeka mengine: wapimaji wa Paranal walitangaza dalili za sayari yenye tungamo la kiasi cha Neptuni, ikizunguka mojawapo kwa siku 156. Bado ni mtahiniwa, haijathibitishwa.

Kutazama mimweko hakuhitaji chombo kikubwa. Weka kamera kwenye darubini yenye mota, na upige picha za sekunde 10 hadi 20 mfululizo, kwa saa mbili au zaidi. Picha ndefu ya dakika tano itaumeza mmweko mfupi. Kama una kichujio cha bluu, kitumie, maana mmweko ni wa bluu zaidi kuliko nyota yenyewe na utajitokeza vizuri. Kisha kwenye Siril pima mwangaza wa nyota yetu pamoja na nyota mbili tulivu za kwenye ramani ya AAVSO. Nyota ya tatu ni ya kukulinda: kama zote zimebadilika pamoja, ni wingu. Kama imebadilika yetu pekee, ikipanda kwa sekunde chache na kushuka polepole kwa dakika kadhaa, umeupata. Ikipanda kwenye picha moja tu na kutoweka, fungua picha hiyo kwanza. Mara nyingi ni setilaiti iliyopita.

Kuhusu saa, tuwe makini sisi Waswahili. Ukiandika "saa nne usiku" kwenye daftari ni sawa, lakini rekodi ya kutuma iwe ya saa za dunia (UTC). Saa nne usiku ya Dar au Nairobi ni 22:00, na ukitoa 3 ni 19:00. Ukichanganya saa nne na 4:00, mmweko wako utakuwa umekosewa kwa saa nyingi, na aliyeutazama kwa redio usiku uleule hataweza kuulinganisha na wa kwake.

Rekodi hutumwa AAVSO kupitia akaunti ya bure. Tuma pia usiku ambao hakuna kilichotokea. Wanaohesabu ni mara ngapi nyota humweka wanagawa idadi ya mimweko kwa saa zilizotazamwa, na saa tupu zisipoandikwa nyota itaonekana ina fujo kuliko ilivyo. Kwa hiyo kwenye daftari langu kuna kurasa nyingi zilizoandikwa hivi: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, anga safi, mimweko 0.